Vipini Vilivyopikia Muthokoi

Mtu akitaka kisu kwa Muthama Kisilu, fundi wa visu wa Noonkopir, Kitengela, sharti aje mwenyewe. Hawezi kumtuma mtoto, wala hawezi kupiga simu akaeleza. Wengi wamejaribu. Muthama huwasikiliza kwa adabu mpaka wamalize, kisha huwapa jibu lile lile: "Mkono hauji kwa simu, ndugu yangu. Wewe njoo."

Anapokuja, hupewa kipande cha mti laini wa grevilea kilichochongwa kikawa mviringo wa kadiri. Hukishika kama atakavyokishika kisu chenyewe: mchinjaji kwa namna yake, mpika chapati kwa namna yake, mfugaji anayetaka simi, ule upanga mfupi wa kiunoni, kwa namna yake. Muthama huchomoa penseli ya seremala iliyo nyuma ya sikio, akachora alama mahali kila kidole kilipotulia, akaandika jina la mtu na kazi ya kisu. Halafu hukitundika kipande kwa kitanzi cha waya mwembamba, kwenye waya mnene unaokatiza karakana yake kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Aliyetangulia kuagiza, kipande chake hukaa mlangoni, aliyechelewa, ukutani. Hiyo ndiyo foleni, na hakuna nyingine. Chuma kikiisha kufuliwa, Muthama hutungua kipande cha mlangoni, akachonga mpini wa mti mgumu kwa kufuata alama zile, na mwenye agizo akija hukuta chombo kinachomkaa mkononi kama kidole chake cha sita.

Hachukui malipo ya mbele. Humtajia mteja mwezi, mteja huitikia, basi. Kazi hii aliianza baada ya kiwanda alichokitumikia ujanani huko Athi River kupunguza wafanyakazi wake. Alitoka huko na ujuzi wa chuma, nyundo ya kufulia, na jina la mtu anayetimiza asemalo. Nyumbani alimkuta mkewe, Kalunde, ambaye hulalamika mara chache na kwa sababu. Kwa vitu hivyo alianza, na kwa vitu hivyo ameishi.

Desemba ndio mwezi wake mkuu. Wakati huo harusi hufungwa, mbuzi huchinjwa, watu hujiandaa kurudi makwao, na kila mwenye nyumba hugundua ghafla kwamba kisu chake hakikati hata nyanya. Kwa hiyo tangu Septemba waya huanza kujaa. Mwaka huo ulijaa hata ukalegea katikati, Muthama akalazimika kuukaza kwa koleo. Wateja walikuwa wametoka Kitengela, Isinya, Ngong, na mmoja mbali kule Kimuka.

Mwishoni mwa Novemba mama yake Kalunde, aitwaye Kaveke, alifika kutoka Masii ili akae na binti yake hadi Krismasi. Msomaji asiyetoka Ukambani inampasa aelezwe jambo moja. Kwa Wakamba wa malezi ya zamani, mume wa binti na mama mkwe wake hutunziana heshima iitwayo nthoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, wala hawaambiani neno ana kwa ana. Vijana wengi wa leo wameiacha. Wapo hata wanaopiga picha wakiwa wamewakumbatia mama wakwe zao. Kaveke hakuiacha, na Muthama hakutaka aiache. Walikaa katika ua mmoja wakipishana kwa uangalifu, na kila aliyekuwa na la kusema alilisema kwa Kalunde, kwa sauti inayotosha kupenya ukuta wa mabati.

"Kalunde, mwambie mume wako nyundo yake inaniamsha kabla ya jogoo."

"Kalunde, mwambie mama jogoo wa hapa ni mvivu."

"Mwambie basi jogoo achinjwe."

"Mwambie ninangoja kisu."

Naye Kalunde, aliyesimama katikati na ndoo yake, hakuwa na haja ya kumwambia mtu lolote.

Siku ya mkasa Muthama alikuwa amekwenda Athi River kutafuta springi za lori kuukuu, ambazo ndizo chuma chake. Kalunde alikuwa sokoni. Kaveke alibaki peke yake, akabandika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe, chakula ambacho hakitaki moto wa haraka bali moto wa kudumu. Gesi ikaisha. Nje mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kuni zililowa. Akazunguka ua akitafuta, akafika mlango wa karakana, akainua macho.

Huko kwao, mvua zinapoanza, mtu mwenye akili hutundika kuni zake juu, karibu na paa, zikauke kwa joto la moto. Na hapo juu, karibu na paa, palipo na joto la tanuri, aliona vipande vya mti mkavu, vimekatwa kwa urefu mmoja, vimepangwa kwa utaratibu wa kupendeza. Alama za penseli macho yake hayakuweza kuziona. Kumpigia simu mkwewe amwulize hakuweza; nthoni haina simu. Wala hakutaka kuingia karakana ya mwanamume huyo. Alisimama kizingitini, akanyoosha mkono, akavuta kipande cha kwanza. Vingine viliteleza juu ya waya vikakifuata, kimoja baada ya kingine, kana kwamba vilikuwa vikingoja kuitwa.

Muthama aliporudi aliona waya mtupu. Kisha akasikia sauti kutoka jikoni, ambako Kalunde alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu chake cha mboga.

"Kalunde, mwambie mume wako kuni zake zilikauka vizuri sana. Mungu ambariki mwanamume anayewawazia wanawake wakati wa mvua."

Kalunde alitazama mekoni. Katika makaa aliona vitanzi vya waya vimekuwa vyekundu. Hakuthubutu kugeuka.

"Kalunde," Muthama akasema hatimaye kutoka nje, "mwambie mama chakula kinanukia vizuri."

Alikula muthokoi ule, akaongezwa, akala tena. Mkewe alipomfuata karakanani akanong'ona, "Sasa watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia vipande vimeungua."

"Wakiuliza nani ameviunguza?"

"Moto."

"Mume wangu, si utani."

"Sifanyi utani. Umemsikia akinibariki. Nikisema jina lake mbele ya watu, kesho yuko Masii, na hataukanyaga ua huu tena mpaka tumzike. Sisemi."

Lakini bila vipande vile hakujua ni nani aliyeagiza nini, ni nani aliyetangulia, wala mkono wa yeyote ulikuwaje. Wateja hawakufungwa na chochote. Madukani visu vya ng'ambo vilining'inia vikiwa vimefungwa katika plastiki, tayari kwa yeyote. Ama angewarudisha watu wale wote ambao baadhi yao hakuwajua hata walikokaa, na kuwatimizia kabla ya Krismasi, au jina lililomlisha tangu atoke kiwandani lingekwisha mwezi huo huo. Na ilimpasa kufanya hivyo bila kumwaibisha mama wa mkewe.

Alianzia kwa Achola, mwenye bucha iliyo njia panda, kwa kuwa Achola mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioagiza, na kwa kuwa neno likisemwa katika bucha ile halilali humo.

"Vimeungua aje?" Achola aliuliza, shoka mkononi. "Karakana imeshika moto?"

"Karakana ni nzima."

"Mabati?"

"Mazima."

"Kwa hivyo moto umeingia, ukapita makaa, ukapita mbao, ukachukua oda za watu peke yake? Huo moto umesoma, fundi. Umefika chuo."

"Achola, nisaidie. Waambie watu warudi washike tena. Waambie ni kosa langu, si lao."

Achola alimtazama usoni, akaacha mzaha. "Enda ukawashe tanuri," akasema. "Mimi nitatangaza mpaka ng'ombe wasikie."

Tangazo lilisomwa pia kanisani Jumapili, baada ya lile la kwaya. Jumatatu Muthama alifagia karakana, akachonga vipande vipya, akachonga penseli, akaketi. Asubuhi yote hakuja mtu. Alifua chuma ili mikono isikae bure, lakini masikio yake yalikuwa langoni.

Aliyebisha kwanza alikuwa Mwalimu Amolo, mwanamke mrefu anayetumia mkono wa kushoto. "Hodi fundi. Nimekuja kushika," alisema, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa.

Muthama aliinuka upesi hata akaangusha kigoda. "Karibu, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Ulikuwa wa ngapi kwenye waya?"

"Hilo sijui. Lakini nilipofika siku ile nilimkuta yule kijana mpishi wa harusi akitoka, akilalamika kwamba penseli imemtekenya."

Alasiri akaja kijana mwenyewe, Morgan, na pikipiki yake. "Sasa mzae, niko hapa. Mimi nilikuja after yule mzee wa Isinya. Nakumbuka juu ya vile alikuwa anajipaka mafuta kwa mikono, nikadhani ni dawa ya arthritis."

Hapo Muthama akaona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Hakuna aliyejua nafasi yake, lakini kila mmoja alimkumbuka aliyemkuta. Siku zilizofuata watu walizidi kuja, na kila aliyefika aliulizwa swali moja tu: ulimkuta nani hapa? Foleni ikajifuma upya kama mkeka, ukindu kwa ukindu. Palipobaki pengo, waliosimama pande zake mbili walijadiliana wenyewe, na mara nyingi aliyekuwa na haki ndiye aliyesema, "Mweke mwenzangu mbele."

Ni Achola peke yake aliyejaribu bahati. "Mimi nilikuwa wa kwanza kabisa. Andika."

"Wewe?" Morgan akaruka. "Si ulinikuta hapa ukaniomba chaja? Na hujarudisha!"

Watu wakacheka. "Nilikuwa nawapima," Achola akasema bila kuona haya. "Nataka kujua kama mnakumbuka."

Wapo wachache ambao hawakurudi. Mmoja alikuwa amehamia mbali, na wengine hawakupata habari. Lakini waya ulikuwa umejaa karibu kama mwanzo, na hakuna hata mmoja aliyerudi akaja na maneno makali. Muthama alikuwa akimshukuru kila mtu mara mbili, anapoingia na anapotoka, hata wengine wakaona ajabu.

Kaveke, kwa upande wake, aliuona ua umejaa watu, akadhani ndiyo desturi ya biashara ya mkwewe. Akawapikia chai. Siku moja Achola, akiisha kunywa, alikwenda nyuma ya jiko kumwaga masalio ya kikombe, akaona katika lundo la jivu vitanzi vya waya, vingi, vimeungana kama mnyororo. Akaelewa mara moja. Na kwa kuwa kwa macho yake lilikuwa jambo la kuchekesha, na hakujua kwamba Kaveke mwenyewe alikuwa amefichwa habari hiyo, akarudi akicheka.

"Mama, chai ni tamu sana. Lakini sema ukweli: ile chakula ulipikia vidole vyetu ilikuwa tamu kushinda?"

"Vidole gani, mwanangu?"

"Si vile vijiti! Oda za fundi. Ndio maana tumeitwa wote hapa tena. Ulitupika, mama!"

Kaveke aliweka birika chini. Aliwatazama watu waliokuwa uani, mmoja mmoja, vikombe vyao mikononi. Akavuta leso yake mpaka kwenye paji la uso, akaingia chumbani, akafunga mlango. Baada ya muda Kalunde alisikia ndani mlio wa zipu ya begi.

"Kalunde," sauti ilitoka, "mwambie mume wako naondoka kesho asubuhi. Mwambie nimemharibia watu wake."

Nyundo ilikuwa imenyamaza. "Kalunde, mwambie mama asiende," Muthama akasema. "Mwambie watu wenyewe ndio hao, wanakunywa chai yake."

"Mwambie alijua akanyamaza. Mwambie hiyo ndiyo inaniua."

Muthama alipiga hatua moja kuelekea mlango ule, akajizuia. Alisimama na nyundo yake mkononi, na wale waliomtazama wanasema alikuwa kama mtu aliyefungwa kamba. Neno moja la ana kwa ana lingetosha, na ndilo asilokuwa na ruhusa ya kulisema.

Wakati huo ndipo mzee Saning'o alipoingia langoni kutoka Isinya, fimbo mkononi na kikopo cha mafuta ya kondoo mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa ameagiza simi kwa ajili ya mjukuu wake. Achola akamweleza kwa minong'ono na kwa majuto. Saning'o alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda taratibu hadi chini ya dirisha la chumba kile.

"Takwenya!" akaamkia kwa Kimaasai, kama inavyoamkiwa mwanamke.

Akagonga ukuta kwa ncha ya fimbo.

"Takwenya, mama!"

"Mimi si Mmaasai," sauti ikajibu.

"Najua. Mmaasai angechoma nyama, si simi yangu."

"Nisamehe, mzee. Sikujua ni kitu cha mtu."

"Iliiva?"

Ndani palisikika kitu kati ya kilio na kicheko. Saning'o aliegemea fimbo yake. "Sikiliza, mama. Mimi nilikuja hapa mara ya kwanza kutoka mbali, kwa jua. Nilishika kijiti, nikaandikwa, nikarudi na kiu yangu. Leo umeniita mara ya pili, naona watu wanakunywa chai. Sasa kosa liko wapi?"

"Ulirudi na kiu?"

"Huyu mkwe wako hutoa penseli tu."

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu. "Kalunde!" Kaveke alisimama kizingitini, leso imeteleza mabegani, macho bado mekundu. "Mgeni anatoka Isinya, anaingia kwa boma hii, anarudi bila chai? Ni mimi nilikulea hivyo?"

"Mwaitu, mama, mimi siku hiyo nilikuwa sokoni..."

"Nyamaza. Weka maji. Na mwambie mume wako siendi popote mpaka kila mtu wa hao apate kisu chake, na asitoke hapa hata mmoja na mdomo mkavu."

"Kalunde," ikasikika sauti kutoka karakana, nyembamba kuliko kawaida yake, "mwambie mama nimesikia."

Kazi ilikwenda mchana kutwa, siku kwa siku. Springi ziliwekwa katika makaa mpaka zikawa na rangi ya papai, zikafuliwa, zikazimwa katika oili kuukuu, zikanolewa. Morgan, aliyekuwa na harusi karibu, aliposikia kwamba mjukuu wa Saning'o ana sherehe mapema zaidi, alikitungua kipande chake mwenyewe na kukisogeza nyuma. "Mimi naweza katia wageni kitunguu na kisu ya mamangu," akasema. "Mzee hawezi peana simi ya mamangu." Mwalimu Amolo alipita jioni moja kuuliza kama kuna la kusaidia, akapewa msasa, akalainisha mipini mpaka vidole vikamchubuka, akaja tena kesho yake. Na chai haikukatika.

Jumamosi iliyotangulia Krismasi, Muthama aliwaita wote. Alisimama mlangoni pa karakana, akawa anatungua kipande, anasoma jina, anakabidhi kisu. Saning'o alifungua kikopo chake, akajipaka mafuta viganjani kabla ya kuipokea simi kutoka mkono wa mfua chuma, kama wazee wake walivyomfundisha, kisha akafumba mkono juu ya mpini, akaufumbua, akaufumba tena, akashukuru kwa Kimaasai, "Ashe. Ashe oleng." Achola alijaribu chake kwenye nywele za mkono wake, akakitazama kwa woga. Mwalimu Amolo alishika cha kwake kwa mkono wa kushoto, akafumba macho kidogo.

Waya ulipobaki mtupu, Mwalimu Amolo akasema si vizuri kutawanyika bila sala. Watu wakamgeukia Saning'o, kwa kuwa ndiye mzee.

"Mama aombe," Saning'o akasema. "Mimi mikono yangu ina mafuta."

Kaveke akatoka jikoni. Alisimama upande wa pili wa ua, mbali na mkwewe, uso ameuelekeza ardhini kama inavyopasa. Aliomba kwa Kiswahili, ingawa Kikamba ndicho alichokizoea katika sala zake, ili kila mtu asikie.

"Baba, asante kwa watu hawa. Ungeweza kuwapeleka dukani, ukawarudisha hapa. Wale hawakurudi, Wewe unajua mahali wako, wape visu vizuri huko. Baba, kuna maneno niko nayo, na Wewe unajua sina ruhusa ya kumwambia mwenyewe. Basi mwambie Wewe. Mwambie nilichukua bila kuuliza, na hakunifokea. Mwambie alikula chakula ile mbele ya mke wake akaisifu, na sasa najua alikuwa anakula nini. Mwambie nilikuwa naogopa binti yangu ameolewa mji wa watu wasiojuana. Mwambie siogopi tena. Na usimwambie kwa sauti ndogo, Baba, maana nyundo imemharibu masikio."

Watu walicheka vichwa vikiwa vimeinama.

"Katika jina la Yesu."

"Amina," wakaitikia wote kwa pamoja, na vikombe vikaanza kulia.

Ndipo, baada ya sauti zote kunyamaza, ikasikika Amina nyingine kutoka mlangoni pa karakana, nzito, iliyokuja peke yake. Kaveke hakuinua uso. Lakini Kalunde, aliyekuwa katikati ya wawili hao na birika mkononi, alisikia wazi kwamba neno lile halikupitia kwake, na kwamba hakuna desturi iliyovunjika.